Nje ya Nchi Huanzia Namanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana wa Nairobi aliyetaka shahada ya sheria bila kutoka Afrika Mashariki hakuwa na vyuo vya kuchagua: alikwenda Dar es Salaam. Wa Dodoma aliyetaka shahada ya udaktari alipanda kwenda Makerere, na wa Kampala aliyetaka uhandisi akateremka Nairobi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake, kilikuwa na vyuo vishiriki vitatu, na kila kimoja kilipewa fani zake. Sababu haikuwa falsafa yoyote nzito. Fedha hazikutosha kujenga kila kitivo mara tatu. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa, kila nchi ikachukua chake, na tangu hapo vyuo vimeongezeka mpaka hata mikoa iliyokuwa haina sekondari ya maana sasa ina chuo kikuu. Ni mafanikio ambayo hakuna wa kuyabeza. Ila mafanikio hayo yamekuja na hasara isiyozungumzwa sana: leo mtu anaweza kuanza chekechea mpaka akamaliza shahada ya uzamivu bila kukaa dawati moja na mwenzake mwenye pasipoti tofauti na yake.

Mazungumzo ya siku hizi kuhusu kusoma nje yamesahau kwamba nje iliwahi kuwa karibu. Pitia mbao za matangazo za vyuo vyetu, au makundi ya WhatsApp ya madarasa, utakuta nafasi za Uchina, Uturuki, Ujerumani na Marekani, mara nyingi kwa shahada nzima. Nafasi ya muhula mmoja Kampala au Kigali ni adimu, na ikitokea, watu huuliza: sasa huko unakwenda kufuata nini? Swali ni la haki na linastahili jibu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba faida za kusoma na kujitolea nje ya nchi, zile ambazo watafiti wamezipima na siyo zile za vipeperushi, hazitokani na umbali wa safari wala utajiri wa nchi mwenyeji. Zinatokana na kukaa muda wa kutosha mahali ambapo mambo uliyoyaona ya kawaida siyo ya kawaida, ukiwa na wenyeji wanaokusahihisha na kazi inayowahusu wao. Hayo yote yanafikika kwa basi la usiku.

Mtu angeweza kuitetea hoja hii kwa majina makubwa, nayo yapo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitoka Limuru akaenda Makerere, na tamthilia yake ya kwanza kubwa ilichezwa Kampala mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi. Benjamin Mkapa alisoma Makerere kabla ya kuwa mwanadiplomasia na baadaye Rais wa Tanzania. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria Dar es Salaam enzi zile ambazo Walter Rodney alikuwa akifundisha historia pale Mlimani, na wanafunzi wa Uganda, Kenya na Tanzania wakikesha wakibishana juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini majina makubwa ni ushahidi dhaifu. Wakati ule waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno, na ukichukua kundi lolote la vijana wachache waliochujwa hivyo, watatoka marais na majaji tu, wawe wamevuka mpaka au wamebaki kwao. Kama tunataka kujua safari yenyewe inaongeza nini, inabidi tutazame kwingine.

Pa kutazama ni Ulaya, si kwa sababu Ulaya ni kipimo cha kila kitu, bali kwa sababu huko jaribio limefanywa kwa ukubwa na kwa muda mrefu. Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 ukiwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244. Tangu hapo zaidi ya watu milioni 15 wamepitia mpango huo na warithi wake, wakiwamo wanafunzi, walimu, wanagenzi na vijana wa kujitolea. Angalia ulivyopangwa. Wengi hawakupelekwa bara jingine. Mhispania alikwenda Ufaransa, Mdachi akaenda Ujerumani, yaani kwa jirani, kwa miezi mitatu mpaka kumi na miwili, kisha akarudi kumalizia shahada kwao. Mwaka 2014 Tume ya Ulaya ilichapisha tathmini kubwa iliyoonyesha kwamba miaka mitano baada ya kuhitimu, kiwango cha kukosa ajira miongoni mwa waliosoma nje kilikuwa chini kwa asilimia 23 kuliko kwa wenzao ambao hawakutoka. Waajiri asilimia 64 walisema uzoefu wa nje ni jambo wanalolizingatia, wakati mwaka 2006 walikuwa asilimia 37.

Msomaji makini atadaka hapo hapo. Wanaoomba nafasi za kwenda nje si ndio wale wale wachangamfu, wenye wazazi waliosoma, ambao wangepata kazi hata wangebaki? Ndiyo, na tathmini hiyo yenyewe haikuficha: wanafunzi wa Erasmus walipopimwa kabla ya kuondoka, tayari walikuwa na alama za juu zaidi za udadisi, kujiamini na uwezo wa kuvumilia mambo yasiyoeleweka. Waliporudi tofauti ilikuwa imepanuka, lakini mtu bado anaweza kuuliza kama ilipanuliwa na safari au na mbegu waliyokwenda nayo. Wachumi wawili, Matthias Parey na Fabian Waldinger, walipata njia ya werevu ya kulitatua hilo. Idara za vyuo vya Ujerumani hazikujiunga na Erasmus siku moja, na ukubwa wa nafasi ulitofautiana idara kwa idara na mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo wanafunzi wa aina moja walijikuta, kwa bahati tu ya idara na mwaka wa kuanza chuo, wengine wana mlango wazi na wengine wamefungiwa. Kwa kulinganisha makundi hayo, utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kusoma nje huongeza uwezekano wa mtu kufanya kazi nje ya nchi yake baadaye kwa takriban pointi 15 za asilimia. Kwa hiyo safari inambadilisha mtu kweli, haimpi picha tu za kuweka mtandaoni. Matokeo hayo yana makali upande wa pili pia, na nitayarudia nikifika kwenye suala la wasomi kutorudi.

Kinachombadilisha ni nini hasa? Mwaka 2013 wanasaikolojia Julia Zimmermann na Franz Neyer walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Ujerumani zaidi ya elfu moja, waliosafiri na waliobaki, kwa vipimo vya tabia kabla na baada. Waliosafiri waliongezeka uwazi wa kupokea mambo mapya na upole wa kuishi na watu, na wasiwasi wao ukapungua. Kilichoyaeleza mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa ni marafiki wapya wa kigeni waliowapata huko, watu wa kuwaegemea ambao hawakuwa nao mwanzo. Hapo ndipo ninapoona utetezi mkubwa wa safari fupi ya kwenda kwa jirani. Mwanafunzi wa Kitanzania anayekwenda Guangzhou akaishia kukaa na Watanzania, akila ugali wa unga uliotumwa na ndugu, na kurudi na shahada, amepata shahada. Mengine hakuyapata. Mwenzake aliyekaa Kampala miezi minne akipangiwa chumba kimoja na Mganda, akasoma naye, wakagombana juu ya usafi wa jiko na kupatana, amekaa karibu zaidi na kile kinachozaa mabadiliko.

Swali la kufuata nini Kampala linajibika vizuri zaidi tukishika somo moja na kulitazama kwa karibu. Tuchukue ardhi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, amefundishwa kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, anazijua vifungu kwa vifungu. Anajua kinachompa mwanakijiji haki ni hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa na halmashauri ya kijiji. Amefaulu mitihani yake, hana hata sapu moja. Asichokijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlazimisha akijue, ni kwamba huo ni uamuzi mmoja kati ya mingi ambayo ingewezekana.

Mpeleke Makerere muhula mmoja. Wiki ya kwanza anakuta Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya wananchi wenyewe, siyo ya dola, tena kwa mifumo minne: ya kimila, ya milki huru, ya upangishaji, na mailo. Huu wa mwisho utamkalia kichwani. Ulitokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambapo Waingereza waligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na wakubwa wake, na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakajikuta ni wapangaji kwenye makaburi ya babu zao. Zaidi ya karne imepita, na kiwanja kimoja nje kidogo ya Kampala bado kinaweza kuwa na wenyewe wawili halali: mwenye hati ya mailo, na mwenye kibanja anayeishi juu yake, ambaye sheria inamlinda asifukuzwe maadamu analipa kodi yake ndogo. Benki inamkopesha nani? Barabara ikipita, fidia ni ya nani? Mwanafunzi wetu, aliyezoea kuona mgogoro wa ardhi kama vita ya mkulima na mfugaji au mwekezaji na kijiji, anakutana na mgogoro ambao dola yenyewe iliuchora kwenye karatasi. Na wenzake wa Kiganda nao watamuuliza maswali ambayo hajawahi kuulizwa: kwa hiyo kwenu Rais akitaka anachukua? Mnakubalije? Atajaribu kujibu, atagundua jibu la kwenye desa halitoshi, atakwenda maktaba. Akipitia Nairobi wakati wa kurudi ataikuta Katiba ya mwaka 2010 nayo imeigawa ardhi vingine kabisa, ya umma, ya jamii na ya binafsi.

Hakuna profesa wa Ulaya anayeweza kumpa kijana huyu somo lenye manufaa ya namna hiyo, kwa sababu Ulaya haina tatizo hilo kwa sura hiyo. Majirani wana matatizo yetu na majibu tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi wa elimu anayetaka kuona shule za msingi zinafundishaje pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa watoto, au wa afya ya jamii anayetaka kujua Rwanda iliwezaje kuwafikishia wananchi wengi kiasi kile bima ya afya. Lugha nayo ina habari yake. Mtanzania akienda Nairobi au Kampala atatolewa jasho na Kiingereza cha semina, ambako wenzake hubishana bila kusubiri mwalimu awaruhusu. Mkenya akija Dar es Salaam ataona Kiingereza chake chepesi hakimsaidii kwa mama lishe wala kwa afisa mtendaji wa kata, na kwamba kumsalimia mzee kwa “habari yako” ni kujifungia mlango mwenyewe. Wote wawili watakuwa wameaibika kidogo mbele ya watu, na aibu ndogo za namna hiyo hufundisha haraka kuliko warsha yoyote ya stadi za mawasiliano.

Nikihamia kwenye kujitolea, itanibidi niwe mkali zaidi, maana hapa neno zuri limefunika mambo mabaya. Wakazi wa Arusha na Moshi hawahitaji kuelezwa. Kila mwaka wanakuja vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani, wamelipa fedha nyingi kwa kampuni za mawakala, wanakaa wiki mbili au tatu kwenye kituo cha watoto, wanacheza nao, wanapiga picha, wanaondoka, wengine wanaingia. Wengi wao nia yao ni safi. Lakini nia haibadilishi hesabu. Kule Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, idadi ya vituo vya watoto yatima iliongezeka kwa asilimia 75, ilhali karibu robo tatu ya watoto waliokuwa humo walikuwa na angalau mzazi mmoja hai. Mtoto aligeuka kuwa kivutio cha wageni, na kivutio kikiingiza fedha hutafutwa popote kilipo. Katika hospitali nako kuna mfano wake: wanafunzi wa udaktari wasioruhusiwa kwao hata kushona jeraha bila msimamizi wamefika Afrika wakapewa sindano mkononi kwa sababu tu wametoka mbali. Jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 wataalamu wa mafunzo ya afya ya kimataifa walichapisha mwongozo wa maadili kwa vyuo vinavyopeleka na vinavyopokea, wakisisitiza usimamizi, maandalizi na manufaa kwa pande zote mbili.

Baadhi ya watu wakishasikia haya huhitimisha kwamba kujitolea nje kufe. Mimi sifiki huko, kwa sababu ipo mifano iliyopangwa vizuri, na tofauti yake na ile mibaya inaonekana wazi. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wana ushirikiano wa udaktari uliodumu tangu takriban mwaka 1990, ambao baadaye ulizaa mpango mkubwa wa matibabu ya VVU magharibi mwa Kenya, AMPATH. Wanafunzi wa Indiana wanaokuja Eldoret wanaingia wodini pamoja na wanafunzi wa Moi, chini ya madaktari walioko pale mwaka mzima. Na wanafunzi wa Moi nao huenda Indianapolis. Fikiria kila mmoja anarudi na nini. Mmarekani amejifunza kumsikiliza mgonjwa kwa masikio na vidole kwa sababu kipimo cha picha kiko mbali au ni ghali. Mkenya ameona ugonjwa ule ule ukishikwa mapema kwa mashine, na anarudi akijua ni kifaa gani hasa cha kukidai bungeni na kipi ni mbwembwe. Ujerumani nayo ilipoanzisha mpango wake wa kujitolea, weltwärts, mwaka 2008, vijana wa Kijerumani walikuja kwetu tu. Ilichukua mpaka mwaka 2013 kufungua upande wa pili ili vijana wa nchi za kusini, Watanzania wakiwamo, waende kujitolea mwaka mmoja Ujerumani, katika nyumba za wazee, chekechea na bustani za mjini. Miaka mitano kugundua kwamba mlango una pande mbili ni mingi, lakini heri waligundua.

Na sisi wenyewe tuna mfano wetu, mzuri kuliko yote hiyo, ambao haukuhitaji fedha ya wakala yeyote. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mwalimu wao wa fasihi David Cook, walianzisha kundi la maigizo la kuzunguka bure. Wakati wa likizo walijipakia kwenye gari na mavazi yao wakazunguka Uganda na Kenya, wakicheza shuleni, kwenye kumbi za mitaa na hata uwanjani, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za watu waliokuwa wakiwachezea. Watazamaji hawakulipa kitu. Wanafunzi walifanya kile walichokuwa wakikisoma, siyo kingine, na hadhira ikawasahihisha papo hapo, kwa sababu mchezo usipoeleweka watu huondoka. Hicho ndicho kipimo ningempa mwanafunzi anayefikiria kujitolea mahali popote duniani: je, ninachokwenda kufanya ni fani yangu, yupo mwenyeji wa kunikosoa, na nikikosea nani anaumia? Anayesomea uhasibu asiende kulea yatima. Aende akakae na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mbale, awasaidie kupanga vitabu chini ya mhasibu wao, na ahesabiwe miezi hiyo kama mafunzo yake kwa vitendo.

Kuna malalamiko mengine juu ya kujitolea, na haya yanatoka kwa vijana wenyewe. Kwetu kujitolea kumekuwa jina la heshima la kufanya kazi bila mshahara. Walimu waliohitimu wanafundisha kwa kujitolea miaka mingi wakisubiri ajira, ofisi zinajaza madawati kwa vijana wa kujitolea ambao hata nauli hawapewi, na mtoto wa maskini, ambaye bumu lake tayari limegawanyika kati ya chakula chake na ada ya mdogo wake, anaambiwa aonyeshe moyo. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yeyote anayehubiri kujitolea bila kuyataja hajatembea mitaani siku nyingi. Lakini jibu lake ni kuweka mipaka. Kujitolea kwa mwanafunzi kunapaswa kuwa na tarehe ya mwisho, kuwa ndani ya masomo, na mwenyeji atoe angalau malazi na chakula. Nje ya hapo ni ajira isiyolipwa, na isitafutiwe jina lingine.

Sasa turudi kwenye lile suala la wasomi kutorudi, ambalo wazee wengi hulitanguliza. Nimesema utafiti wa Parey na Waldinger una makali pande mbili: ikiwa kusoma nje kunaongeza uwezekano wa kufanya kazi nje, basi nchi maskini inayogharimia safari inaweza kuwa inalipia kuondokewa. Sitajaribu kulipunguza jambo hilo. Watu hutoa mfano wa Wangari Maathai, aliyekwenda Marekani mwaka 1960 kwa ule mpango wa ndege za wanafunzi ulioanzishwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, akasoma biolojia Kansas na Pittsburgh, akarudi, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Green Belt lililomletea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ni mfano mzuri, ila ukisoma maisha yake vizuri utakuta aliporudi kazi aliyoahidiwa chuoni alikuta imepewa mtu mwingine. Mwingine angepanda ndege ya kurudi alikotoka. Ninachoona ni kwamba muundo wa safari una uzito kuliko mahubiri ya uzalendo. Aliyekwenda miaka minne kwa shahada nzima, akajenga maisha, akapata kazi huko, ana sababu nyingi za kubaki. Aliyekwenda muhula mmoja huku shahada yake ikimsubiri Dodoma atarudi, kwa sababu bila kurudi hana shahada. Na hata akija kuajiriwa Nairobi au Kigali miaka mitano baadaye, hajapotea. Yupo ndani ya soko lile lile ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema inalijenga, na mama yake akiugua anafika kwa basi.

Gharama nayo inaelekea upande huo huo. Ili kupata viza ya mwanafunzi ya Ujerumani, mwaka 2025 mwombaji asiye na ufadhili alitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, kabla hajanunua hata tiketi. Kwenda Uganda au Kenya Mtanzania hahitaji viza, na tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu. Kwa hiyo mtu anaweza kushangaa kwa nini mabasi yanayovuka mipaka ya Namanga na Mutukula hayajajaa wanafunzi wa kubadilishana. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam wakatangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala limefanya kazi kubwa ya kulinganisha viwango vya sifa. Karatasi zipo. Kikwazo kiko chini zaidi, kwenye meza ya mkuu wa idara, ambako mwanafunzi aliyerudi na alama zake za Makerere anaambiwa somo hilo halimo kwenye mtaala wetu, rudia mwaka. Mmoja akishakutana na hayo, darasa zima linajifunza kukaa nyumbani.

Ulaya walilitatua hilo kwa fomu. Kabla mwanafunzi wa Erasmus hajaondoka, yeye, chuo chake na chuo kinachompokea hutia saini makubaliano yanayotaja somo kwa somo atakachosoma huko na kitakachohesabiwa akirudi. Ada analipa kwao, na chuo mwenyeji hakimtozi. Sisi tunaweza kuuanza utaratibu huo idara kwa idara bila kusubiri mkutano mwingine wa marais: Ardhi impeleke mmoja Makerere, Makerere imlete mmoja Ardhi, kitanda cha anayeondoka akilalie anayekuja. Mwanafunzi anayetaka kuthubutu leo asikate tiketi kabla hajapata saini hizo, na kwa shahada nzima aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo anachokiendea kinatambuliwa. Kazi ya vyuo ni kalenda. Makerere hufungua mwaka wake Agosti, vyuo vingi vya Tanzania hufungua Oktoba au Novemba, na muhula wa mmoja unaishia katikati ya muhula wa mwingine. Maseneti yetu yakisogeza tarehe hizo hata kwa wiki tano, mengi yaliyobaki wanafunzi watayamaliza wenyewe.